Maneno Manne na Mlango Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu ametugawia daftari moja moja na kutuagiza tuandike kila siku, hata mistari miwili, kwa Kiingereza. Mimi nitaandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu mpaka leo kina maneno manne, na manne hayatoshi hata kumtukana mtu vizuri.

Nianze mwanzo. Kiwanda chetu kinashona mashati, na kazi yangu ni mikono: shati likinifikia halina, likiondoka kwangu linayo. Asubuhi meneja alipanda juu ya benchi akatangaza kwamba mnunuzi wa ng'ambo atatuma mkaguzi kabla mvua hizi hazijaisha. Wachache wetu watafundishwa Kiingereza cha kumpokea. Msimamizi wetu tunamwita Kengele, maana haiachi ile kengele yake ya mkononi hata akienda msalani. Ndiye aliyesoma majina, na alipofika langu alikunja uso kama aliyeng'ata limau.

"Wewe una mdomo," aliniambia. "Acha leo utufae."

Tunasomea chumba cha kulia, baada ya kazi. Mwalimu ni kijana mwembamba, kola ya shati lake imeshageuzwa, nimejua kwa mshono. Aliandika ubaoni: this, that, these, those. Kimoja cha karibu, kimoja cha mbali, vingi vya karibu, vingi vya mbali. Nikasubiri aendelee. Kumbe ndiyo yamekwisha. Mtu, mti, jiwe, ugonjwa, vyote vinaonyeshwa kwa neno lilelile. Sisi tuliolelewa na huyu, huu, hili, hiki na haya, ambayo mtoto anayeota meno hayamshindi, leo nitishwe na maneno manne?

"Mwalimu," nikauliza, "na kile tulichokwisha kukitaja, sisi tunasema hicho. Wao wanasemaje?"

Akajikuna shingo. "Hicho hawana."

Nikawaonea huruma.

Jumatano, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bati linapiga kelele mpaka sijisikii nikiigombeza sindano.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya mazoezi nyumbani. Mume wangu ni dereva wa malori na yuko safarini, wifi yangu alikuwa amelala, kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa mama mkwe. Alikuwa ameketi kitandani anachambua maharage. Nikainua kijiko: "This is a spoon." Nikaonyesha dirisha la mbali: "That is a window." Akasikiliza kwa makini, akaniuliza sheria yake, nikamweleza.

"Na mimi je?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamnyooshea kidole. "That is mama."

"Hapo umenitupa," akasema. "Sogea huku uniite vizuri."

Nikasogea, nikaketi kando yake. This is mama. Akaitikia kwa kichwa kama mtahini, akaendelea na maharage yake.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimejua kwa nini tunasomeshwa.

Meneja alikuja darasani na mkanda wa gundi wa manjano. Akatupeleka ndani ya kiwanda akabandika misalaba sakafuni, kila mwanafunzi msalaba wake na sentensi yake. Mshona vifungo atasimama karibu na vyoo aseme hivi ni vyoo safi. Mkata nguo atasimama kando ya mitungi ya kuzimia moto na kuionyesha. Msalaba wangu uko katikati ya ukumbi, kwenye nguzo. Natakiwa ninyooshe kidole mpaka mwisho kabisa wa ukumbi, nyuma ya meza za pasi, nitabasamu na kusema: "That is the emergency door."

"Usitoke kwenye msalaba," meneja akaniambia. "Mgeni akiwa kwako, anatazama, anashukuru, anapita."

Mlango wenyewe ni wa kijani na umeandikwa kwa rangi nyeupe. Ukiutazama kutoka kwenye nguzo, unapendeza. Ila kila aliyemo humu anajua kilicho nyuma yake. Mvua zilizopita meneja aliezeka kibanda cha bati nje ya mlango ule akakijaza maboksi ya mashati yanayosubiri kusafirishwa. Ukiufungua unakutana na ukuta wa maboksi mpaka juu. Njia ya kutokea imebaki moja, mlango mkubwa wa mbele, na kati ya huo na meza za pasi kuna bahari ya vyerehani. Wifi yangu anapiga pasi palepale, mgongo wake umeuelekea mlango wa kijani. Na wifi yangu ana pumu.

Nilimuuliza mwalimu, "Kwa nini nisiende nikausemee palepale, niseme this?"

"Meneja ametaka that."

"Nimekuuliza kwa nini."

Akafuta ubao uliokuwa hauna kitu. Nikamwona ni mtoto wa watu aliyenunuliwa kwa bei ya chaki.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mikono, mikono, mikono. That is the emergency door.

Jumanne, 19 Machi

Nimeenda kwa meneja. Niliona bora anikatalie usoni kuliko nimsengenye.

"Bosi, yale maboksi ya mlangoni. Tuyahamishe kabla mgeni hajaja."

Hakukasirika. Ana adabu zake, ananiita mama. "Mama, na mvua hii niyaweke wapi? Yakilowa, mnunuzi hachukui. Asipochukua, wewe na wifi yako mnarudi nyumbani kutazamana. Ni msimu wa mvua tu, vumilia."

"Msimu uliopita ulisema hivyohivyo."

Akamtazama Kengele. Kengele akapiga kengele masikioni mwangu kana kwamba mimi ni kuku, nikarudi kwenye cherehani. Mwanamke yule namchukia. Wa kike mwenzetu, alianza kwa kukata nyuzi kama sisi, leo ni mbwa wa getini.

Jioni nilimsimulia wifi. Nilidhani atanishukuru.

"Wifi, tafadhali," akasema. "Usinitafutie balaa. Mimi nataka kazi yangu."

Alhamisi, 28 Machi

Bati linavuja juu ya swichi kubwa ya pasi. Kengele ameweka ndoo. Ndoo ndiyo fundi wetu.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika, kwa sababu kesho watasema haikuwa.

Mvua ilizidi baada ya mapumziko ya mchana. Nilikuwa naingiza mkono wa kushoto wa shati niliposikia sauti kama ya kitunguu kikitiwa kwenye mafuta ya moto. Kisha taa zikazimika, na moshi ukaanza kushuka kutoka kwenye ile swichi, mweusi na mzito, unanuka mpira. Sikuona moto. Moshi tu, lakini ulitosha.

Wapiga pasi walikimbilia mlango wa kijani. Hawakuwa wamesahau kwamba umezibwa. Wanajua kuliko mimi, wanaegemeza migongo hapo kila siku. Miguu yao ilikwenda kwenye mlango wa karibu, kama miguu ya kiumbe yeyote. Nikasikia ukifunguliwa. Kisha nikasikia ngumi zikipiga maboksi, zinatoa mlio mzito usiovuma, kwa sababu ndani yake kuna mashati.

Sisi wa vyerehani tulikuwa tumeanza kusukumana kwenda mbele. Njia zimejaa mafungu ya vitambaa, watu wanajikwaa, wanaitana. Mimi nikageuka. Sisemi kwa kujisifu, niliogopa, ila nilikuwa nasikilizia kikohozi kimoja, cha wifi, na kilikuwa hakitoki mbele.

Nilipofika, Kengele alikuwa ameshafika. Kengele yake ameitupa. Alikuwa amepiga magoti mlangoni anayang'oa maboksi kwa kucha na kuyarusha nyuma yake, na kila alipotoa moja palikuwa na jingine. Wifi alikuwa ameketi chini, mdomo wazi, hana sauti.

"Acha hayo!" nikamwambia. "Hayana mwisho!"

Aliniangalia kama aliyeamshwa. Akaja, akamshika wifi kwapa moja, mimi nikashika la pili. Sakafu haikupitika, kwa hiyo tukapanda juu ya meza.

"Kanyaga mashati," Kengele akasema. "Kanyaga tu."

Tukakanyaga. Meza baada ya meza, mashati meupe ya watu wa ng'ambo, na viatu vyetu vya tope. Tulipotoka nje mvua ilitupiga usoni na sijawahi kuipenda mvua kama leo. Mtu fulani alikuwa ameshakata umeme na moshi ukaanza kupungua. Wifi amepelekwa zahanati, wamempa hewa, jioni wamemruhusu.

Meneja alizunguka uani na mwavuli wake akisema, "Hakuna moto jamani. Ni moshi tu. Ni moshi tu."

Kengele alikuwa ameegemea ukuta, kucha zake mbili hazipo. Nilitafuta neno la kumwambia. Nimeandika haya yote na bado sijalipata.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumerudi kazini. Swichi mpya, bati lilelile. Maboksi aliyoyang'oa Kengele yamerudishwa mahali pake, mlango wa kijani umefungwa na kupanguswa. Meneja ametukumbusha wanafunzi kwamba mgeni hahitaji kusumbuliwa na hadithi za moshi.

Wifi naye amekuja. Nilimwambia akae nyumbani apumzike.

"Nikikaa nyumbani nitakula nini, hasira zako?"

Jumapili, 7 Aprili

Nimewaambia nyumbani ninachotaka kufanya. Nitatoka kwenye msalaba. Nitamchukua mgeni mpaka mlangoni, nitaufungua, nitamwonyesha.

Wifi alinyanyuka akaingia chumbani. Alisema akiwa ndani, "Ukifukuzwa, nami nafukuzwa. Umelifikiria hilo?"

Nimelifikiria. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma. Mshahara wa lori unakuja ukitaka, sisi ndio tunaotegemewa humu. Lakini nimewahi kumbeba wifi yangu kama furushi, na sitaki kumbeba tena nikijua kwamba nilinyamaza.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mama mkwe akasema.

"Mama, unanizuia?"

"Nakuambia upate cha pili. Yule ni binti yangu. Kama ningekuwa na Kiingereza ningekwenda mwenyewe."

Jumatatu, 8 Aprili

Nilimvizia mwalimu kabla ya darasa. Nikamwambia nataka maneno zaidi: maboksi, fungua, moja. Alielewa palepale, nilimwona akielewa.

"Mama, nina mkataba mpaka mwisho wa msimu. Nikifundisha nje ya nilichopewa..."

"Na wifi yangu ana pumzi mpaka lini? Mkataba wake unasemaje?"

Nikaenda zangu kuketi.

Jumanne, 9 Aprili

Leo mwalimu amesema tutafanya marudio ya umoja na wingi. Akaandika: this book, these books. This shirt, these shirts. Akatulia na chaki yake. Kisha akaandika this box, these boxes, na chini yake open, na chini yake one door. Hakunitazama hata mara moja.

Namwomba radhi kwa ile habari ya chaki.

Jumatatu, 15 Aprili

Mazoezi ya mwisho. Meneja alivaa kofia akajifanya ndiye mkaguzi, anatembea amefunga mikono nyuma. Alipofika kwangu nikanyoosha kidole, nikatabasamu, nikasema that is the emergency door, vizuri kabisa, mpaka akanipigia makofi. Nimemfurahisha kwa mara ya mwisho.

Kengele alisimama nyuma yake. Nilipoinama kuokota mkasi akaniinamia. "Nakufahamu wewe," akasema taratibu. "Hujawahi kutabasamu humu ndani." Akaenda zake. Nimekaa na maneno hayo jioni nzima, sijui ni onyo au ni nini.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekuja.

Ni mwanamke wa makamo, ana miwani na viatu vya kutembelea kweli, si vya maonyesho. Hilo lilinipa moyo. Meneja alikuwa ubavuni mwake, mwalimu nyuma yao kwa ajili ya kutafsiri, Kengele nyuma ya wote na kengele yake mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Mshona vifungo akasema sentensi yake. Mkata nguo akasema yake. Wakaja kwangu. Nilikuwa juu ya msalaba.

"That," nikaanza, na kidole kikanyooka chenyewe kama kilivyozoeshwa. Meneja akatabasamu. Nikakishusha kidole.

"Come," nikamwambia mgeni. Neno hilo sikufundishwa na mtu, nimelisikia barabarani.

Nikatoka kwenye msalaba. Sikugeuka nyuma kuona kama ananifuata, ningegeuka ningerudi. Nilisikia viatu vyake. Nilisikia meneja akicheka kicheko cha haraka, akisema jambo kwa Kiingereza, kisha akisema kwa Kiswahili bila kufungua meno, "Piga kengele. Piga ya chakula." Ikilia hiyo, ukumbi wote unasimama, vyerehani vinanyamaza, watu wanajaa njiani, na ziara imekwisha.

Nikasubiri ilie. Nikapita vyerehani vya kola, nikapita vya mifuko, bado sijaisikia. Hapo ndipo nilipogeuka kidogo. Kengele alikuwa amesimama wima, kengele yake ameiinua kifuani, na vidole vyake vile visivyo na kucha vimeushika ulimi wa chuma ulio ndani yake.

"Piga," meneja akasema tena.

"Imeharibika, bosi," Kengele akajibu.

Nikafika kwenye meza za pasi. Wifi aliniona, akainamisha kichwa. Nikaweka kiganja juu ya rangi ya kijani.

"This," nikasema, "is the emergency door."

Nikaufungua. Maboksi, mpaka juu. Moja likadondoka miguuni petu, lile ambalo halikupangwa vizuri tangu siku ya moshi.

"These are boxes. These are boxes, these are boxes," nikamwambia, nikiyagonga moja moja, maana Kiingereza kilikuwa kinaniishia na hasira zilikuwa bado nyingi.

Mgeni akaondoa miwani akayatazama. Meneja akaanza kueleza, mvua, msimu, siku mbili tatu. Mgeni aliwageukia wapiga pasi, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye lile darasa, akawauliza swali. Mwalimu alikuwa ameambiwa asitafsiri ila maneno ya meneja. Akatafsiri, kwa sauti, ukumbi wote ukasikia:

"Anauliza, mkitaka kutoka, mnatokea wapi?"

Pasi zinapumua tu. Nilijua ninachowaomba na nilijua hawana deni kwangu. Nikasema moyoni, basi, kidole kimoja na kiwe kimoja.

Wifi yangu aliweka pasi chini, akainua mkono, akanyoosha kidole juu ya vichwa vyote, juu ya meza zote, mpaka kwenye mlango mkubwa wa mbele, ambao kutoka pale unaonekana mdogo kama dirisha.

"Ule," akasema. Kwa Kiswahili, na mwalimu hakuhitaji kutafsiri. Jirani yake akanyoosha wake. Kisha wa tatu, kisha meza nzima, kisha vyerehani vya mikono, wenzangu, hata yule mkata nguo aliyekuwa bado kwenye msalaba wake. Wote wamenyoosha vidole upande mmoja na hakuna aliyetabasamu.

Mgeni akavaa miwani. Akautembea mwendo huo wote, peke yake, akivuka mafungu ya vitambaa na kujigonga kwenye viti, mpaka akatoka nje kwenye mvua. Tukamsubiri. Alirudi amelowa, akamwambia meneja maneno machache. Mwalimu amenieleza baadaye: hakuna shati litakalonunuliwa mpaka mlango ufunguke, atarudi bila kutoa taarifa, na atakaporudi anataka aongozwe na mimi.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo tumehamisha maboksi. Hayana pa kukaa penye ukavu isipokuwa mahali pamoja, kwa hiyo tumeyapanga ofisini kwa meneja, kuta tatu mpaka juu. Anapita kwa ubavu kwenda kwenye kiti chake.

Aliniita. Nilisimama mlangoni kwake, kwingine hapakuwa na nafasi ya kusimama.

"Mama, siku yule mwanamke atakapomaliza kuja, tutaonana mimi na wewe."

"Tutaonana, bosi. Nipo pale, mashine ya tatu kutoka dirishani. Sijifichi."

Mwalimu mkataba wake umekatwa. Alikuja kuniaga, nikamshonea kola mpya palepale na shati akiwa nalo mwilini. Alisema ana habari ya shule mahali fulani. Natumaini si ya kunifariji.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imekatika. Mlango wa kijani uko wazi, umezuiwa na jiwe alilolileta Kengele mwenyewe, na hewa inaingia mpaka kwenye meza za pasi. Nilimkuta amesimama hapo anautazama uwanja. Nikamwonyesha vidole vyake, nikamuuliza vinaendeleaje.

"Kucha zinaota," akasema, na akapiga kengele ya kuanza kazi.

Kabla ya kuketi nilikwenda kwenye nguzo, nikaubandua msalaba wangu wa manjano. Gundi bado ilikuwa ina nguvu. Nimeubandika sakafuni mbele ya mlango, karibu kabisa na meza ya wifi. Aliniuliza ni wa nini.

"Ndipo nitakaposimama mgeni akirudi," nikamwambia.

Akautazama, akausogeza kidogo kwa mguu. "Sogea hivi," akasema, "na mimi nipate pa kusimama."